Mjomba anataka niandike mifuko 40 ya saruji imeharibika

Shikamoo Mzee,

Naomba unijibu kabla mwezi haujaisha, kwa sababu mwisho wa mwezi natakiwa kupeleka maelezo ya maandishi kwa bosi.

Mimi ni mtunza stoo kwenye mradi wa jengo la ghorofa mbili. Kazi hii nilitafutiwa na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye fundi mkuu pale saiti. Bosi mwenye jengo anaishi mbali, mambo mengi anayafuatilia kwa simu. Mjomba ndiye anayempigia msambazaji kuagiza vifaa, ndiye anayegawa kazi kwa mafundi, na mzigo ukifika usiku ndiye anayeupokea. Mimi nina daftari, kalamu na ufunguo wa stoo.

Shida imeanzia kwenye slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya kwanza. Ina mita za mraba 120, unene kwenye mchoro ni sentimita 15, mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili na kokoto nne. Mhasibu wa bosi amepiga hesabu akasema ilitakiwa kutumia mifuko 120 hivi. Daftari langu linaonyesha imetoka 160. Bosi anataka kujua 40 iko wapi.

Nilipomuuliza mjomba alicheka. "Zege linakula saruji, mama, shuleni hamkufundishwa?" Bosi alipozidi kubana, mjomba akaja na lingine: niandike kwamba mifuko 40 iliharibika kwa kuloa, yaishe. Ni kweli stoo kuna mifuko iliyoganda, lakini haifiki hata kumi.

Mzee, hata hiyo 160 siwezi kuiapia. Lori la saruji lilifika usiku, sikuwepo. Asubuhi nikakuta mifuko imepangwa ukutani hadi karibu na dari na hati ya mzigo iko mezani inasubiri sahihi. Mchanga ndio usiseme. Hati inasema mita za ujazo 10, mimi naona rundo tu chini. Nondo tunahesabu vipande, basi. Halafu kuna siku kila kitu kinafika kwa mkupuo hadi hakuna pa kukanyaga, na siku nyingine mafundi wanakaa kutwa wanasubiri kokoto huku wanalipwa.

Slabu ya pili inakuja, na bosi anafikiria kuagiza zege lililochanganywa kiwandani ili aondokane na haya mambo ya saruji.

Nikiandika anavyotaka mjomba, nitakuwa nimesema uongo. Nikimwambia bosi, nitakuwa nimemshtaki mjomba aliyenipa kazi, na mama ameshaniambia nisimvunjie kaka yake heshima. Nifanyeje?

Mtunza stoo

*

Marahaba, binti yangu.

Usiandike. Ile mifuko iliyoganda iandike kwa idadi yake halisi, ipige picha, na uiache palepale mpaka bosi au mhasibu wake aje aishike kwa mkono. Zaidi ya hapo usiongeze hata mmoja. Na kwa bosi usipeleke neno "wizi", maana mpaka leo hakuna anayejua kama kuna kilichoibwa: si wewe, si mhasibu, si mimi.

Najua wasomaji wengi hapa wameshamhukumu mjomba. Hata mimi nilipofika kwenye habari ya kuloa nilikuwa nimeshakunja uso. Lakini nikachukua karatasi nikapiga hesabu ya slabu yenu, na ikanilazimu nitulie.

Mita za mraba 120 kwa unene wa mita 0.15 ni mita za ujazo 18 za zege. Mchanganyiko wa 1:2:4 unachukua takriban mifuko 6.4 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mifuko 115. Weka asilimia 5 ya kumwagika na ya kubaki kwenye mashine, unafika 121. Mhasibu amezidisha sawasawa. Tatizo ni kwamba amehesabu slabu kana kwamba inaelea. Slabu hukaa juu ya mihimili, na mihimili humwagwa siku hiyohiyo kwa zege hilohilo. Kwenye barua yako haimo kabisa, na nina wasiwasi kwenye hesabu ya mhasibu nayo haimo. Tuseme sehemu ya mihimili inayoning'inia chini ya slabu ina mita 3 za ujazo. Hapo imeondoka mifuko 19.

Unene nao. Sentimita 15 ni za kwenye mchoro. Juu ya mbao zinazoshikilia zege bichi mambo ni mengine: nguzo za kushikilia zikizama kidogo kwenye udongo, au mbao zikipinda katikati, na fundi akasawazisha juu kwa rula, slabu inanenepa bila mtu kukusudia. Ikinenepa sentimita 2 kwa eneo lote, hiyo ni mita za ujazo 2.4, na mifuko mingine 15.

Kisha kuna unyevu wa mchanga, jambo ambalo watu wengi wa saiti hawalipi uzito wowote. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Maji hushika chembe na kuzitenganisha, na ujazo huongezeka kwa asilimia 20 hadi 30, mchanga laini hata zaidi. Ukilowa kabisa hadi maji yakasimama, unajishusha tena. Sasa fundi anayepima kwa boksi au toroli anadhani ameweka sehemu mbili za mchanga, kumbe ameweka moja na nusu na ushee. Kila mchanganyiko unatoa zege pungufu, kwa hiyo anachanganya mara nyingi zaidi, na kila mara anafungua mfuko. Kwa uvimbe wa asilimia 25, saruji inaongezeka kama asilimia 5. Kwenye slabu yenu ni mifuko 7 hivi.

Jumlisha: 121, 19, 15 na 7. Ni 162. Imepita hata hiyo 160 ya daftari lako.

Hapo sijamsafisha mjomba. Mita 3 za mihimili na sentimita 2 za unene nimezikisia mimi nikiwa nimekaa kitini, sijafika saiti kwenu. Ninachosema ni kwamba mifuko 40 inaweza kuwa imo ndani ya zege, inaweza kuwa ilitoka nje kupitia getini, na inaweza pia kuwa haikufika kabisa usiku ule. Ni maswali matatu tofauti, na kila moja lina mtu wake wa kulijibu.

Bahati nzuri mengine bado yanapimika. Omba mchoro, utafute urefu, upana na kina cha kila mhimili, uzidishe. Nenda kwenye uwazi wa ngazi na kwenye matundu ya mabomba, pale ukingo wa slabu unaonekana, upime unene kwa futi sehemu nyingi uwezavyo. Ukikuta 15 kila mahali, maelezo ya unene yamekufa. Ukikuta 17 au 18, una jibu lenye namba. Na mifuko mitupu je? Kama haijachomwa, ihesabu. Kuanzia sasa weka utaratibu: saruji haitoki stoo mpaka mifuko mitupu ya awamu iliyopita imerudi. Mafundi watalalamika wiki ya kwanza, kisha watazoea.

Sasa nikuambie kwa nini nimekataa ile ya kuloa hata kama mjomba hajachukua mfuko mmoja. Slabu iliyonenepa sentimita 2 imeongeza uzito wa kilo 50 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa mita 120 ni tani 6, na tani hizo zitakaa juu ya mihimili na nguzo maisha yote ya jengo. Mhandisi lazima aambiwe apime kama jengo linabeba, na aambiwe kabla slabu ya pili haijamwagwa. Kwa upande mwingine, ikiwa saruji haikuingia kwenye zege, basi swali ni nguvu ya zege lenyewe, na hapo anatakiwa kuangalia majibu ya vile vipande vya zege vya majaribio vya milimita 150 kila upande, vinavyovunjwa siku ya 7 na ya 28. Ukishaandika "imeloa", hayo yote hayataulizwa tena. Watu wanadhani daftari la stoo ni la kumkamata mwizi. Mimi nalitegemea zaidi kumwonyesha mhandisi kitu ambacho macho yake hayakukiona.

Mwambie mjomba hivyohivyo, tena faraghani, kabla hujaandika lolote kwa bosi. Usimuulize mifuko iko wapi. Mwambie: "Mjomba, nikiandika imeloa bosi atataka kuiona, na hatutakuwa nayo. Tupime slabu mimi na wewe, tuandike tulichokikuta." Kama amefanya kazi yake kwa haki, utakuwa umemwokoa, kwa sababu kwa sasa maneno yake mawili yanagongana: mara zege limekula, mara imeloa. Kama hakufanya kwa haki, utamjua kwa namna atakavyokataa kushika futi. Mama naye mtoe wasiwasi, kumkatalia mkubwa karatasi ya uongo mkiwa wawili, kwa adabu, si kumvunjia heshima.

Nije kwenye upokeaji, maana huko ndiko kesho yako itakapoharibikia au kutengenea. Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe daftari unalo. Kinachokosekana ni kipimo kilichofanywa kabla ya kuandika, na mzigo ukishamwagwa chini, sehemu kubwa ya kipimo hicho imepotea.

Saruji. Mifuko iliyopangwa ukutani hadi darini haihesabiki. Utahesabu ya mbele na kuzidisha, na anayejua mchezo huo huacha uwazi katikati ya rundo. Panga upya: safu zisizozidi mifuko 10 kwenda juu, zote urefu mmoja, juu ya mbao zilizoinuka kama sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta kama sentimita 30 ili uweze kupita nyuma na kuona. Hapo kuhesabu ni kuzidisha kweli, na unyevu wa ukuta hautagandisha tena. Kila shehena iwekewe karatasi ya tarehe, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Saruji ya mfuko hata ikitunzwa vizuri huchoka. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba hupoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu yake kwa miezi 3. Donge linalosagika kwa vidole halina neno kubwa, ila lililogeuka jiwe lisiingie kwenye zege hata fundi akikuhakikishia kwamba kwenye plasta litafaa. Na siku ya kupokea, chukua mifuko michache bila kuchagua, uipandishe kwenye mzani. Huu mzani mwombe bosi akununulie, kazi yake utaiona pia kwenye nondo.

Mchanga ninaupa nafasi kubwa kwa sababu ndio unaopoteza fedha nyingi kimyakimya. Tipa halimwagi mpaka limepimwa. Panda juu, au mpandishe kijana unayemwamini. Pima ndani ya bodi, si nje: urefu, upana, kisha kina cha mchanga. Kina ndicho kinachodanganya, kwa kuwa wapakiaji hukusanya kilima katikati na kuacha pembe tupu. Chomeka fimbo ya chuma mpaka igonge sakafu kwenye pembe nne na katikati, usome vipimo vitano, uchukue wastani. Ukigusa sakafu mapema mahali pamoja, uliza kuna nini chini, wapo wanaotandika mbao. Tuseme umepata urefu mita 4.2, upana 2.2 na wastani wa kina 0.9. Hiyo ni mita za ujazo 8.3. Hati inasema 10. Hati usiikatae, usigombane na dereva, yeye ametumwa. Andika kwa mkono wako juu ya hati zote mbili, ya kwenu na ya kwake: "Imepimwa 4.2 x 2.2 x 0.9, imepokewa 8.3", dereva asaini chini yake, ndipo amwage.

Msambazaji atasema mchanga umeshuka njiani kwa kutikisika. Kweli hushuka. Ndiyo maana agizo lenyewe liseme tangu mwanzo kipimo ni cha saiti, kabla ya kumwaga, na bei ifuate hapo. Yeye akijua mnapima, atajaza.

Kwa uvimbe, fanya jaribio dogo kila shehena. Jaza chombo chenye pande zilizonyooka kwa mchanga kama ulivyokuja, sawazisha, pima kina. Umwage nje. Tia maji nusu ya chombo, rudisha mchanga wote taratibu ukikoroga, acha utulie, pima tena. Ulikuwa sentimita 20 na sasa ni 16? Umevimba kwa asilimia 25, na boksi la fundi la mchanga liongezwe kwa kiasi hichohicho. Usafi wake nao: mchanga kiasi ndani ya chupa ya kioo iliyonyooka, maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha kama saa tatu. Tope hukaa juu ya mchanga kama utando wa rangi nyingine. Utando ukizidi asilimia 8 ya kina cha mchanga, yaani milimita 8 kwa sentimita 10, usiupokee kwa zege mpaka maabara ya mhandisi iseme.

Kokoto pima vilevile kama mchanga, ila hazivimbi, kwa hiyo hazina visa vingi. Matofali hesabu yakiwa yanashushwa, na mkubaliane mapema nani anabeba yaliyovunjika njiani na nani aliyovunja kibarua wenu.

Nondo, kuhesabu vipande hakutoshi. Kipande cha milimita 12 chenye urefu wa mita 12 kinatakiwa kuwa na kilo 10.7 hivi, na tani moja ni vipande 94. Cha milimita 10 ni kilo 7.4, vipande 135 kwa tani. Cha 16 ni kilo 19 karibu, vipande 53. Ukitaka ukubwa wowote, chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Kupima unene kwa kifaa hakukupi jibu safi kwa sababu ya ile mistari iliyoinuka juu ya nondo, ila mzani unakupa. Kipande kilichoandikwa 12 lakini ukweli wake ni 11 kina chuma pungufu kwa asilimia 16. Viwango huruhusu tofauti ndogo, asilimia chache juu au chini. Asilimia 16 si tofauti, ni nondo nyingine. Mnunuzi wa kwa kipande anapunjwa chuma, na mnunuzi wa kwa tani anaona ameongezewa vipande na kufurahi, na wote wawili jengo lao lina nguvu pungufu kwenye mihimili. Kwa hiyo pima vipande kadhaa kutoka mafungu tofauti, pima na urefu wake, na uitunze ile lebo ya fungu yenye namba ya myeyusho, yaani ya mkupuo wa chuma kilichoyeyushwa pamoja, ifanane na cheti cha kiwanda. Ikipungua, nondo zikae pembeni na mhandisi aitwe. Hilo si lako kuamua, wala si la mjomba.

Kuhusu zege la kiwandani. Bosi asidhani ataondokana na hesabu, atabadilisha tu kinachohesabiwa. Ataagiza mita za ujazo, na kama mbao zitazama tena sentimita 2, lori la mwisho litakuwa pungufu na slabu itakatika katikati ikisubiri jingine. Usawa wa mbao upimwe siku moja kabla. Kwenye tiketi ya lori soma saa ya kuchanganywa: masharti mengi ya kazi huweka kikomo cha dakika 90 au saa 2, muulize mhandisi wenu anafuata kipi. Zege lipimwe ulaini kwa kile kikombe cha chuma chenye kimo cha milimita 300 kabla halijamwagwa. Na dereva asiongeze maji. Atakuambia ni kidogo tu ili litelemke. Asiongeze, mpaka mhandisi aseme na iandikwe.

Hayo ya kufika kwa mkupuo na kukaa bila kokoto hayatokani na msambazaji peke yake. Yanatokana na kuagiza pale kitu kinapokwisha. Mkae na mjomba kila mwisho wa wiki, muangalie kazi za wiki tatu zijazo, muandike kila kazi inataka nini na lini, kisha mrudi nyuma kwa siku anazochukua msambazaji. Kwa vitu vya kila siku wekeni alama ya kuagiza. Mkitumia mifuko 20 kwa siku, msambazaji akichukua siku 3, nanyi mkitaka akiba ya siku 2, basi stoo ikifika mifuko 100 agizo linaondoka, hata kama kila mtu anaona bado ipo mingi. Andika pia tarehe uliyoahidiwa mbele ya tarehe mzigo ulipofika. Baada ya muda utajua ni msambazaji gani "kesho" yake ni kesho.

Na mzigo wa usiku ukome. Kila agizo liwe na saa zake za kufika, za mchana, na lori likifika nje ya hapo lisubiri getini. Picha zipigwe: namba ya gari, mzigo ukiwa juu, hati baada ya kusainiwa. Zitumwe kwa bosi dakika ileile.

Limebaki lile ambalo bosi ndiye wa kulirekebisha. Mjomba anaagiza, anapokea na anatumia. Hata mtu mwaminifu akikaa kwenye nafasi hizo tatu, siku hesabu ikipinda hana wa kumshuhudia. Mjomba abaki na kusema kinachohitajika na kukitumia. Agizo litoke kwa mhasibu likiwa na idadi, kipimo na tarehe. Kupokea kuwe kwako pamoja na mtu wa pili yeyote asiye chini ya mjomba. Ankara ya msambazaji isilipwe mpaka mhasibu ameilaza pamoja na agizo na hati yenye maandishi yako ya kilichopokewa, zote tatu zikasema kitu kimoja. Pale zinapotofautiana, analipa kilichopimwa.

Barua kwa bosi iandike fupi, isiyo na jina la mtu:

"Daftari linaonyesha mifuko 160 imetoka kwa slabu ya kwanza. Saruji hiyo ilipokewa usiku na haikuhesabiwa wakati wa kushusha. Iliyoganda stoo ni mifuko kadhaa, idadi na picha nimeambatanisha. Hesabu ya mifuko 120 inaonekana haina mihimili. Nimepima unene wa slabu kwenye uwazi wa ngazi na matundu ya mabomba, vipimo viko hapa chini. Naomba mhandisi avione kabla ya slabu ya pili. Naomba pia kibali cha utaratibu mpya wa kupokea mzigo, mzani, na mtu wa pili wa kusaini."

Mwonyeshe mjomba barua hiyo kabla haijaondoka. Akitaka kuongeza maelezo yake, aongeze chini kwa jina lake mwenyewe. Akitaka ufute vipimo, itume kama ilivyo, na nakala uipeleke kwa mhandisi siku hiyohiyo.